Tiketi ya Kigali Iliyopitia Entebbe

Wapo watu ambao ukiwakabidhi jambo la wengi, hawawezi kulishika bila kulipinda kidogo kuelekea mlangoni kwao. Hawaibi, la hasha. Mwizi akikamatwa angalau hutazama chini. Hawa hukutazama machoni, wakakwambia wamekuhangaikia na wamekuokolea, ilhali jambo lako limeshakwenda kombo kwa ajili ya faida ndogo ambayo wao wenyewe wangeona haya kuitaja hadharani. Kisa hiki kinamhusu mmoja wao, na haitakuwa haki kumpamba.

Huko Chang'ombe, nyuma ya maghala yaliyopakana na viwanda, palikuwa na karakana ya viatu vya ngozi iliyomilikiwa na ushirika wa mafundi uliojiita Jitihada. Ukikaribia mlango ulipokelewa na harufu ya gundi, na ukiingia ndani ulilazimika kupaza sauti ili usikike mbele ya cherehani. Mafundi hao walishona viatu vyeusi vya shule, vile vya kufunga kwa kamba, na sifa zao zilikuwa zimevuka mipaka ya Temeke. Mtoto aliyenunuliwa jozi yao aliivaa mpaka ikambana, kisha akamwachia mdogo wake ikiwa bado nzima.

Lakini sifa hazipikwi zikaliwa. Mnunuzi wao mkubwa alikuwa amehamia kwenye viatu vya plastiki kutoka ng'ambo, na ushirika ukalazimika kuwasimamisha kazi baadhi ya wanachama wake. Mmoja wao alikuwa Editha, mjane mwenye watoto, fundi ambaye mkono wake katika kushona kisigino haukuwa na mfano. Sasa alikaanga mihogo nje ya geti la karakana ileile aliyochangia kuianzisha. Kila asubuhi alimsimamisha Zubeda, mkuu wa mafundi, akamwuliza swali lilelile.

"Vipi shoga, tumepata?"

"Bado. Ila tuko karibu."

Walichokuwa karibu kukipata ni kazi ya Kigali. Huko palikuwa na muungano wa shule za bweni uliotafuta mtengenezaji wa viatu vya wanafunzi wake wote. Bwana Leodegar, msimamizi wa manunuzi wa muungano huo, alikuwa ameiona jozi moja ya Jitihada miguuni mwa mtoto wa rafiki yake, akaipenda. Aliwapigia simu na kuwaalika. Kikao kingekuwa Alhamisi asubuhi, watengenezaji wote wangesikilizwa kwa pamoja, na uamuzi ungetolewa papo hapo. Fundi mwenyewe aje na sampuli zake, asiyefika atahesabiwa amejitoa. Jitihada wakiipata kazi hiyo, Editha na wenzake wangerudi kwenye cherehani zao. Wakiikosa, wengine wangewafuata nje ya geti.

Wanachama walimchagua Zubeda aende, na hakuna aliyepinga. Alikuwa mtoto wa Temeke kindakindaki, mwanamke wa maneno machache, aliyeweza kukitazama kiatu akakwambia kitapasuka wapi. Ila hakuwahi kupanda ndege ya kuvuka mpaka. Kwa hiyo kazi ya kukata tiketi iliachwa mikononi mwa katibu wa ushirika, Edgar.

Edgar alikuwa mtu wa shati lililonyooshwa na maneno yaliyonyooshwa zaidi. Alijua kuandika barua na kuzungumza na maofisa, na kila mara alipozungumza kwenye mkutano, wanachama walitikisa vichwa kwa kuridhika hata walipokuwa hawajaelewa. Safari zote za ushirika alizipanga yeye. Hapo awali alizipanga kupitia kwa Bupe, binti mwenye ofisi ndogo ya tiketi huko Kipawa, jirani na uwanja wa ndege. Safari hii pia Bupe alikuwa amemshikia Zubeda kiti katika ndege ya moja kwa moja kwenda Kigali, inayoondoka Jumatano mchana. Kilichobaki ni katibu kusema ndiyo.

Na angesema ndiyo, kama si mazungumzo ya mezani nyumbani kwake Kinondoni.

Mkewe, Hope, aliuza madera na kanga. Alikuwa amepata mteja huko Entebbe, mama mmoja mwenye duka, aliyetaka mzigo wake haraka kabla ya msimu wa harusi. Hope alikuwa akiwaza namna ya kuufikisha.

"Si mna mtu wenu anakwenda huko?" alimwuliza mumewe.

"Anakwenda Kigali, mama. Siyo Entebbe."

"Kwani hakuna ndege zinazopitia Entebbe?"

Edgar aliweka kijiko chini. Mtu mwenye dhamana angecheka, akasema hiyo ni safari ya ushirika, akaendelea kula wali wake. Yeye alitoa simu mfukoni akaanza kutafuta. Alipata ndege ya asubuhi ya kwenda Entebbe, akapata na nyingine, ya shirika jingine kabisa, ya kutoka Entebbe kwenda Kigali alasiri ileile. Alizikata zote mbili, kila moja peke yake. Bupe alipompigia simu kumwuliza kuhusu kile kiti, akamjibu kwamba atamthibitishia, kisha hakuthibitisha. Kwa Hope alisema kwamba ushirika umekubali kumsaidia. Kwa ushirika alisema kwamba ndege ya moja kwa moja imejaa. Hivyo ndivyo mtu mmoja alivyopita katikati ya watu wote hao na uongo wake pasipo kutokwa hata na jasho.

Jumanne, Zubeda alipita Kipawa ili Bupe amtolee nakala ya tiketi alizotumiwa kwenye simu. Bupe alizisoma, akazirudia, kisha akavua miwani.

"Dada Zubeda, nani kakukatia hizi?"

"Katibu wetu. Zina kasoro?"

"Hii si safari moja, dada. Hizi ni tiketi mbili za mashirika mawili yasiyojuana. Ukifika Entebbe unatoka nje, unachukua begi lako, unaanza upya kama mtu aliyetoka mtaani. Ukichelewa, ndege ya pili haikungoji, hela hairudi, na huna wa kumlalamikia. Tena hiyo ya pili ndiyo ya mwisho kwa siku hiyo. Ukiikosa, kikao umekikosa."

"Mbona alisema ya moja kwa moja imejaa?"

"Imejaa?" Bupe alicheka kicheko kisicho na furaha. "Kiti chako nilikishika mie mwenyewe! Nilimpigia huyo katibu wenu mpaka nikaona haya. Na hata sasa hivi nafasi zipo, njoo uone."

"Labda hizi ni nafuu."

"Nafuu gani? Tofauti yake hainunui hata chakula utakachokula ukisubiri. Sikiliza dada yangu. Tiketi ya biashara hukatwa kwa kutazama saa ya kikao. Unaanzia kwenye kikao, unarudi nyuma, unajiuliza kitu gani kinaweza kuharibika njiani, unajiachia nafasi. Aliyekata hizi hakuanzia kwenye kikao. Sijui kaanzia wapi. Mpigie. Akikubali kabla sijafunga ofisi, kesho mchana unaruka moja kwa moja."

Zubeda alimpigia Edgar palepale. Katibu alisikiliza kidogo tu, akamkata kauli.

"Sista Zubeda, huyo anatafuta kamisheni yake, usimsikilize. Mie nilikuwa nakatia watu tiketi yeye hajafungua hicho kibanda. Nyie mafundi shikeni gundi na nyuzi, ishu za ndege tuachieni wenyewe."

Zubeda hakuridhika. Alimpigia mwenyekiti wa ushirika, Bi Rukaiya, mama mtu mzima aliyeheshimiwa kuliko wote pale karakana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niko msibani huku Kigamboni, sema upesi."

Zubeda alieleza. Upande wa pili watu walisikika wakisoma dua, na Bi Rukaiya akashusha sauti. "Zubeda, tukianza kumshika kila mtu mkono kwenye kazi yake, ushirika utakwenda kweli? Edgar kasoma, anajua. Mwachie mwenye kazi yake."

Basi ikawa hivyo. Bupe alimtazama Zubeda akikunja zile karatasi, akamwombea safari njema kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Jumatano asubuhi Zubeda alifika uwanja wa ndege akiwa na mkoba mdogo wa nguo na sanduku la sampuli. Sanduku hilo alilipanga kwa wiki nzima. Ndani mlikuwa na viatu vya kila saizi, vipande vya ngozi vya kila unene, soli kabla na baada ya kushonwa, na kiatu kimoja alichokikata katikati kwa msumeno ili mnunuzi aone kila tabaka na kila uzi. Alimkuta Edgar amekwishafika, meno yote nje, na kando yake mabegi mawili makubwa yaliyozungushiwa selotepu.

"Mzigo kidogo tu wa wifi yako," alisema. "Pale Entebbe kuna mama atakupokea nje. Unampa, unarudi zako ndani. Dakika mbili tu."

Zubeda alielewa papo hapo aliyekata zile tiketi alikuwa ameanzia wapi. Moyo ulimpasuka kwa hasira. Lakini kwetu msafiri si mali yake mwenyewe. Ikijulikana tu kwamba mtu anapanda ndege, nafasi ya begi lake hugawanywa kama sahani ya pilau ya shughuli, na kukataa mzigo wa mwenzio ni kujitangaza kuwa una roho mbaya. Wenye mizigo wanalijua hilo. Ndiyo maana hawaombi mapema, wakati mtu ana nafasi ya kufikiri. Wao hukusubiri mlangoni, foleni ikiwa nyuma yako.

"Na sanduku langu?" aliuliza.

"Uzito hauruhusu. Chukua jozi mbili tatu za mkononi, zilizobaki nitazirudisha mie."

"Katibu! Hizi ndizo zinazotupeleka Kigali!"

"Kiatu ni kiatu, sista. Wakikiona kimoja wameviona vyote."

Maneno hayo yalitoka kinywani mwa katibu wa ushirika wa viatu, mtu aliyekula, kuvaa na kupanga nyumba kwa mikono ya watu wanaojua kwamba kiatu si kiatu tu. Zubeda alipiga magoti pale sakafuni, akafungua sanduku mbele ya wapita njia, akachagua jozi alizoweza kuzisukumiza kwenye mkoba wake pamoja na kile kiatu kilichokatwa. Sanduku na vilivyobaki vikaishia kwenye buti la gari la Edgar. Mabegi ya madera yakapita kwenye mizani kwa jina la Zubeda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na Edgar aliuona mwepesi kwelikweli, maana aliondoka akipiga mluzi.

Ndege haikuchelewa. Hilo lisisahaulike, kwa sababu baadaye lilisemwa vinginevyo. Ilitua Entebbe kwa wakati wake, na kama Zubeda angekuwa na mkoba wake tu angepata muda wa kutosha kunywa hata chai. Ila ilimpasa asubiri mabegi yasiyo yake, na alipoyasukuma kuelekea mlango wa kutokea, afisa wa forodha alimnyooshea kidole kwa upole.

"Mali hii ni ya nani, mama?"

"Ya mwenzangu."

"Yuko wapi mwenzako?"

"Dar es Salaam."

"Ni ya biashara?"

Zubeda hakujua kudanganya, na hata angejua, madera yalikuwa bado na vitambulisho vya bei. Afisa aliuliza kama ana karatasi za mzigo. Hakuwa nazo, kwani Edgar hakumpa hata moja. Afisa hakuwa mkali, alikuwa anafanya kazi yake. Alimweka kando na kuanza kulitoa dera moja baada ya jingine. Kupitia kioo Zubeda alimwona mama mmoja aliyekuwa ameinua mkono kumpungia. Mama yule alipowaona maofisa, aliushusha mkono wake taratibu, akageuka, akapotelea kwenye umati. Zubeda alipiga namba yake aliyopewa na Edgar, haikupatikana.

Zubeda alisihi. Alieleza habari ya kikao, akatoa kiatu kilichokatwa, akaonyesha tiketi ya pili. Aliambiwa asubiri mkubwa wao. Mkubwa alipokuja na kuamua kwamba mabegi yabaki mpaka mwenyewe ajitokeze na karatasi, na abiria aende zake, Zubeda alikimbia mbio za mtu anayekimbilia mgonjwa. Kaunta ya ndege ya Kigali ilikuwa imefungwa. Kijana aliyekuwa akikusanya vifaa vyake alimsikiliza kwa huruma, akamwambia yaleyale aliyoambiwa na Bupe: tiketi hii haiijui ile.

Alimpigia Edgar. Kabla hajamaliza sentensi yake, katibu wa ushirika wa Jitihada alimwuliza swali moja.

"Mzigo yule mama ameshauchukua?"

Hakuuliza habari ya ndege wala ya kikao, na hata kama Zubeda ni mzima hakutaka kujua. Zubeda alikata simu. Wapo wanaosema kwamba hasira ni hasara, lakini ipo hasira ambayo mtu akiikosa basi amekosa utu, na hiyo ndiyo iliyomsimamisha mwanamke yule kwa miguu yake. Alipiga moyo konde. Alisafiri mpaka Kampala, akauliza basi la Kigali, akalipata la usiku, akakaa kiti cha nyuma na mkoba wa viatu kifuani. Mpakani basi lilikwama kwenye foleni ya malori mpaka jua likachomoza.

Alipofika kwenye ofisi za ule muungano wa shule, Alhamisi mchana, miguu yake ilikuwa imevimba na nguo zake zimekunjamana. Ukumbi ulikuwa wazi. Mfagizi alikuwa akipanga viti ukutani. Bwana Leodegar alitoka kumpokea mlangoni, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, akampa maji kwanza.

"Mama Zubeda, tulikungoja," alisema. "Niliomba waanze na wengine ili tukupe nafasi ya mwisho. Tumemaliza muda si mrefu."

Zubeda alifungua mkoba wake. Aliweka kile kiatu kilichokatwa mezani. Bwana Leodegar alikichukua, akapitisha kidole kwenye uzi wa kisigino, akakiinua dirishani kwenye mwanga. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta," alisema hatimaye. "Lakini kazi nimeshawapa wengine, na tumepeana mikono. Wao walifika jana. Sheria niliyoiweka ni ya wote, mama, siwezi kuwaita niwaambie nimebadili."

Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilimwumiza Zubeda kuliko dhuluma. Laiti angedharauliwa, angepata wa kumchukia palepale. Kumbe walikuwa wameshapendwa kabla ya kufika, na hawakufika.

Jumamosi, wanachama wote walikutana karakana, hata waliosimamishwa. Cherehani zilizimwa. Editha aliingia akijifuta mafuta mikononi, akaketi kwenye benchi la nyuma. Zubeda alikuwa amerudi jana yake na alikuwa amesema tu kwamba kazi wameikosa; yaliyobaki alitaka kuyaeleza mara moja tu, mbele ya wote. Lakini Edgar aliwahi kusimama. Watu wa aina yake hawakosi kuwahi.

"Ndugu wanachama," alianza, sauti imejaa majonzi, "sote tumeumia. Mie nilijitahidi kuokoa fedha zenu. Nikatafuta njia nafuu, nikampa mwenzetu muda wa kutosha kubadilisha ndege. Watu wanabadilisha ndege kila siku duniani. Inawezekana ile ya kwanza ilichelewa kidogo, na sista wetu, kwa ugeni wake, akababaika pale uwanjani, ndege ikamwacha. Simlaumu. Ila safari ijayo tuchague mtu aliyezoea."

Minong'ono ilipita. Baadhi ya vichwa, kwa mazoea, vikaanza kutikisika kwa kuridhika. Zubeda aliinuka. Maneno yalimjia mengi kwa pamoja hata asijue aanze na lipi.

"Ugeni?" alisema. "Mie nilibabaika?"

Kabla hajaendelea, mlango ulisukumwa. Aliingia Hope, mke wa katibu, mtandio begani, na hasira yake ikamtangulia ndani.

"Samahanini nyie wenye mkutano. Nani humu ndani anaitwa Zubeda? Mzigo wangu uko wapi, dada? Mteja wangu anasema kakuona umesimama na maofisa, akaogopa. Mbona hukuja kuniambia?"

"Mke wangu," Edgar alisema harakaharaka, "si sasa. Nenda nyumbani, nitakuja tuongee."

"Si sasa mpaka lini? Si wewe uliyeniambia ndege umeikata ipitie Entebbe kwa ajili ya mzigo wangu? Si ulisema ushirika wamekubali kunibebea? Mie nimekuja kuwauliza waliokubali!"

Hope aliwatazama watu, uso kwa uso, akisubiri mmoja wao aseme ndiyo, tulikubali. Hakuna aliyesema. Kidogo kidogo hasira ilimtoka usoni, ikaingia aibu, na akamgeukia mumewe.

"Hukuwaambia," alisema polepole.

Hapo ndipo Zubeda alipoeleza yote, bila kutia chumvi, kwani hayakuhitaji. Alieleza kiti cha Bupe kilichoachwa kikapotea. Alieleza sanduku lililorudishwa. Akasema kwamba ndege ilitua kwa wakati. Aliporudia lile swali aliloulizwa kwenye simu, "Mzigo yule mama ameshauchukua?", mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alitema mate nje.

Bi Rukaiya alisimama akijishika mezani. "Kabla ya yote, Zubeda alinipigia simu na mie nikamjibu mwachie mwenye kazi yake. Nimekosa, na mbele yenu namwomba radhi." Kisha akamgeukia Edgar. "Sasa wewe. Jibu moja tu. Ulipokuwa unatafuta hizo ndege, kikao cha Kigali kilikuwa kichwani mwako?"

Edgar alifungua mikono. Hata wakati huo hakutazama chini. "Mama, nilidhani yote mawili yatawezekana. Kama yangekwenda sawa, nani angelalamika? Semeni ukweli, nani kati yenu angepata nafasi hiyo akaiacha?"

Kelele zilizolipuka hazikuhitaji mkalimani. Walimvua ukatibu palepale, kwa mikono iliyonyooshwa juu, hata ile iliyokuwa imezoea kumpigia makofi. Hope alijifunika mtandio wake, akatoka bila kumngoja mumewe. Lakini kura haikuwarudishia Kigali. Bwana Leodegar alikuwa ameshapeana mikono na watu wengine, na Jumatatu ingekuja na orodha ya mafundi wengine wa kusimamishwa, na kila aliyekuwa ameketi pale alikuwa akijiuliza kimoyomoyo kama ni yeye.

Ndipo Editha alipoinuka kutoka benchi la nyuma. Hakupaza sauti.

"Edgar, mie nataka kukuuliza kitu kidogo. Hapa mjini mabasi ya Kampala hayaondoki?"

"Yanaondoka," Edgar alijibu.

"Yanachukua mizigo?"

Edgar aligeukia mlango aliotokea mkewe.

"Yanachukua," Editha alisema. "Ungelipia tu, madera yakaenda na basi. Mkeo angeuza, mie ningerudi kwenye cherehani yangu, na wewe ungebaki katibu wetu. Umetuzamisha sie wote kwa kukwepa nauli ya mabegi mawili!" Alinyoosha mkono kuelekea getini. "Watoto wangu wananiuliza kila siku. Leo nawaambia nini? Nawaambia tulikosa kwa sababu ya madera?"

Edgar alibaki amesimama katikati ya cherehani zilizozimwa, shati lake limenyooka vilevile, na kwa mara ya kwanza macho yake yakaangalia sakafu. Editha alipita mbele yake, akaenda zake getini kwenye moto wake, kwani mihogo isiyokaangwa haiuziki.

Bi Rukaiya alifunga mkutano kwa sauti nzito. "Tulimpa ngoma ya wote, tukaenda kulala. Kosa lake ni kubwa, na letu ni kutosimama pale alipokuwa akiiwamba. Tangu leo tiketi ya ushirika haikatwi na mtu mmoja gizani, maana waliosema hawakukosea: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake."